Siku Niliyolazwa Katika Wodi Yangu Mwenyewe

Ipo siku moja ya vita ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na si kwa sababu ya risasi. Risasi tulishazizoea. Naikumbuka kwa kuwa siku hiyo nilikaribia kumuua mtoto, nikiwa nimevaa blouse yangu nyeupe ya udaktari, mbele ya bibi yake.

Nakueleza haya kwa sababu mama yako ameniambia kwamba tangu uanze kutibu wodini huli, hulali, na ukiulizwa unajibu tu "ça va", niko salama. Mimi pia nilikuwa nikijibu hivyo. Ça va yangu ilikuwa uongo mtupu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa doctorat, ile miaka ambayo kwetu mwanafunzi wa udaktari anatoka darasani na kuingia wodini kujifunza kwa kutibu. Nyumbani ni Butembo, upande wa Mususa, ambako majirani walianza kuniita docteur kabla sijashika sindano. Baba alikuwa akinitaja kwa jina kanisani kila Jumapili, watu wote waniombee. Hebu jaribu wewe kuchoka baada ya hapo! Nikapelekwa stage, yaani mazoezi ya kazi, katika hospitali moja ya Beni. Vita vilipofunga barabara, wenzetu waliokwenda Butembo kusalimia familia hawakuweza kurudi. Tukabaki wanafunzi wawili, mimi na Kambale, pamoja na daktari mmoja mzee ambaye sote tulimwita Vieux. Watu walimiminika kutoka vijijini, wagonjwa wawili kitanda kimoja, wengine chini kwenye mikeka. Kazi ilikuwa nyingi kweli, sitakuambia kwamba tatizo lilikuwa kiburi tu.

Lakini kiburi kilikuwepo. Kila asubuhi tulikuwa na remise: aliyeshika zamu anasimama mbele ya wenzake, anaeleza wagonjwa wake mmoja mmoja, anawakabidhi, anakwenda kulala. Mimi nilieleza vizuri sana, ila sikukabidhi. Kambale akisema, "Masika, enda ulale, mimi niko," namjibu kwamba kuna mgonjwa mmoja ninayemjua mimi tu. Kesho yake wakawa wawili, mwishowe wodi nzima. Nilipenda kuitwa, mwanangu. Nilipenda kusikia jina langu likitafutwa huku na huku. Kumbe ndani nilikuwa nimeanza kukauka. Mama mmoja alifiwa na mtoto mbele ya macho yangu, nami nikawa nawaza kwenye kile kitanda tutamweka nani. Sikutoa chozi, nikadhani ndiyo kukomaa.

Basi mchana wa siku hiyo nilikuwa na siku tatu bila kulala kitandani. Kulikuwa na mtoto wa miaka minne kutoka Mangina, ana malaria kali. Kwetu, kama ujuavyo, mgonjwa halazwi bila garde-malade, ndugu wa kukaa naye, kumpikia na kumfulia. Garde-malade wake alikuwa bibi yake, aliyekimbia vita akiwa amembeba mgongoni. Nikaja na chupa ya kinini ya kuingizwa mshipani, ile dozi ya kwanza ambayo ni nzito na hutolewa mara moja tu. Nilikuwa na uhakika kwamba sijaitoa.

"Docteur," bibi akasema taratibu, "hiyo dawa ulishamutia asubuhi. Ni wewe mwenyewe."

"Mama, ulisoma médecine wapi?"

Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mwanamke wa umri wa nyanya yangu. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

"Mimi hapana soma, docteur. Mais nilikuwa hapa."

Akaufunika mkono wa mtoto kwa kiganja chake, pale nilipotaka kuingiza sindano, akakataa kukiondoa. Nikapiga kelele. Vieux akaja. Akachukua fiche ya mtoto, karatasi yake ya matibabu, akaisoma, akanikabidhi. Kinini, dozi ya kwanza, asubuhi. Mwandiko ni wangu na sahihi ni yangu. Chupa ile ya pili ingeweza kuusimamisha moyo wa mtoto yule, nami ningeandika kwamba ameuawa na malaria.

Nikangoja kufukuzwa.

"Eleza mugonjwa wako," Vieux akasema.

Nikaanza: mtoto wa miaka minne, anatoka Mangina...

"Hapana huyo. Wewe."

Nikajieleza kama tulivyofundishwa. Mwanamke, miaka ishirini na sita, anatoka Butembo, anasahau, ana hasira za haraka, hasikii njaa. "Tangu siku gani?" akauliza. Nikatafuta kichwani, sikupata. Hapo ndipo nilipoanza kulia, nikalia mbele ya wodi nzima, na nakuambia kweli, nilisikia nafuu, kwa maana ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kusikia kitu chochote moyoni.

Akaniandikia fiche. Akamwita Kambale, akamkabidhi wagonjwa wangu wote, nami nikiwemo. Kisha akakuna kichwa. "Mais huyu hana garde-malade. Familia yake iko Butembo, na route imefungwa."

Yule bibi hakungoja kuombwa.

"Alale hapa karibu ya mutoto," akasema. "Nitabachunga bote babili."

Nililala siku mbili kwenye mkeka kando ya kitanda cha mtoto ambaye nusura nimuue. Kila nilipofumbua macho nilimkuta bibi ameketi, na sombe yangu ya majani ya muhogo imefunikwa kwa sahani. Hakunisuta hata kwa neno moja. "Kula, mwana wangu," basi. Siku ya pili mtoto akaketi, akaomba ndizi, akaniona pale chini, akamwuliza bibi yake huyu docteur anaumwa nini.

"Amechoka," bibi akamjibu.

Basi nisikilize, mwanangu. Asubuhi ya remise, kabidhi wagonjwa wako. Mwenzako anaweza kukosea, ndiyo, lakini wewe usiyelala utakosea zaidi. Ukiona wagonjwa wanakuudhi na kifo hakikugusi, usijisifu kwamba umekomaa. Hiyo ni dalili, itaje kama unavyotaja homa. Mtafute mkubwa wako umwambie "nimechoka", kwa neno hilo hilo. Usingizi usipokutosha, sema tena, hata kama utapoteza mwaka. Mwaka unarudiwa. Na mtu asiyesoma akikuambia umekosea, simamisha mkono kwanza. Wala usingoje vita viishe ndipo upumzike. Mimi ningengoja mpaka nizeeke.

Mungu akurudishie usingizi na hamu ya kula. Akupe wenzako wa kukupokea zamu. Na siku utakayoanguka, akuletee mtu wa kuketi kando yako, hata akiwa ni yule uliyemkosea. Amina.