Kiti cha Mkewe

Fundi Taratibu alipewa jina hilo na wateja waliochoka kumsubiri, naye hakulikataa. Alikuwa seremala, na vitanda vyake havikulia hata mtu agaragare vipi. Mkewe ndiye aliyeanzisha nyumba ya kulea wazee wasio na ndugu, na alipofariki, wadhamini wenzake walimwomba mume akalie kiti chake kwenye bodi. Alikubali shingo upande. Baadaye kiti kile kikawa ndiyo sehemu pekee alipobaki kuwa mume wa mtu.

Bodi ilikuwa na mazoea yake. Mwenyekiti, nesi mstaafu aliyekuwa shoga wa marehemu, hakupenda mgawanyiko, kwa hiyo kila uamuzi ulingoja mikono yote iwe juu. Vitanda vya wazee vilipoanza kubonyea, bei ya Fundi ikawa chini kuliko za maduka yote, na jambo likaletwa mezani mwenyewe akiwa palepale. Wote waliinua mikono isipokuwa yeye. Aliona haya kujichagua.

“Shemeji, mkono umekufa ganzi?” mwenyekiti alimtania. “Tunakungoja wewe tukanywe chai.”

Watu wakacheka. Akaunyanyua. Mkataba haukuandikwa, nani aandikiane na shemeji yake? Vitanda vikatengenezwa, vikawa imara, Fundi akalipwa, na pesa yote ikaishia kwenye mbao na ujira wa mafundi wenzake.

Mwaka uliofuata mfadhili alitaka hesabu zikaguliwe, na bodi ikamwita mwanasheria. Alikuwa mwanamke mpole, aliyezungumza kama mtu anayefunga kidonda. Akawaeleza kwamba sheria haimkatazi mdhamini kuiuzia nyumba kitu au kuifanyia kazi kwa malipo. Inachotaka ni katiba ya shirika isikataze, makubaliano yaandikwe kabla ya kazi, bei iwe ya haki, na anayelipwa atoke nje wenzake wanapoamua, wala asipige kura. Bei ilikuwa ya haki mno. Kutoka hakutoka, na kuandika hawakuandika.

“Lakini hakuiba,” mwenyekiti alisema.

“Hakuna aliyesema kaiba, mama. Ila mdhamini ameshika mali ya watu wasioweza kumuuliza. Ndiyo maana sheria inamuuliza.”

Fundi alitakiwa arudishe alicholipwa, nacho hakuwa nacho. Bodi ingeweza kumwomba msajili wa mashirika amsamehe deni, lakini mfadhili alishasema hatatoa kitu tena maadamu mdhamini huyo bado yumo ndani.

Safari hii alitoka. Alikaa kwenye benchi la barazani, akisikia sauti bila maneno. Mzee mmoja aliyekuwa akiota jua akamuuliza mbona amefukuzwa darasani.

“Wananijadili.”

“Una bahati,” mzee alisema. “Mimi hakuna anayenijadili tena.”

Mwenyekiti alitoka macho mekundu, akakaa kando yake bila kujua aanzie wapi. Fundi akamwondolea mzigo: wamwandikie msajili, yeye anaondoka. Aliuliza tu kama kile kiti kingeweza kubaki wazi kwa muda kidogo. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Katiba ilidai idadi itimie, na mfadhili alikuwa na mtu wake tayari.

Nyumbani, binti yake alipouliza kikao kimekwendaje, alijibu, “Ya mama yako yamekwisha.” Binti akampakulia chakula, asikiguse.

Miezi ikapita. Mguu wa kitanda kimoja ukalegea, akaitwa aje kuutengeneza. Sasa kumlipa hakukuwa na neno. Alikuwa fundi kama mafundi wengine. Getini, mlinzi mgeni alimpa kitabu aandike anakuja kwa nani. Fundi alishika kalamu akitazama ile nafasi tupu, hadi mlinzi akauliza kama amesahau miwani.

Akasema hapana. Kisha akaandika: kitanda.