Diski Imeganda Mzee Akiwa Mdomo Wazi

Admin, ficha jina langu, maana Tarime ni ndogo na kazi yangu inajulikana.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili. Napiga video za harusi na misiba na kuchoma diski. Wengi wamehamia kwenye flashi, lakini wazee bado wana deki zao.

Mwaka huu mzee mmoja wa Matongo, mgonjwa, aliniita nimrekodi. Chumbani tulikuwa watatu: yeye, mkewe na mimi. Mwishoni akasema, "Nyumba hii na shamba ni vya mke wangu. Hatukujaliwa mtoto, lakini ndugu zangu wasimtoe." Wiki mbili baadaye akafariki.

Mama, yule mjane, alikuja kuchukua diski siku ambayo gari la harusi ya Natta lilikuwa linanipigia honi nje. Diski zile zimeandikwa kabisa zichomwe kwa kasi ya mara nne. Mimi nikalazimisha kumi na sita, kasi ambayo huweza kuacha sehemu zisizosomeka. Nikaangalia dakika mbili za mwanzo, picha safi, nikampa. Kule Natta kadi ya kamera ikajaa, nikamfuta mzee, nakala pekee niliyobaki nayo, ili bibi harusi apate nafasi. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye huwaambia wateja hivyo.

Ukoo ulipokaa kutazama, diski ilienda vizuri mpaka mzee aliposema "Nyumba hii", ikaganda. Mdomo wazi, sauti hakuna. Wakarudia mara tatu, pale pale. Kaka mkubwa wa marehemu akawaambia wenzake, "Mura, mmeona wenyewe. Marehemu amerudisha neno lake." Wazee wakakubali.

Mama aliniletea ile diski akanisimulia yote. Nilijua kosa ni langu, lakini nikajifanya naifuta kwa kitambaa. Akaniuliza, "Mwanangu, nilimkosea nini mzee hata aninyime neno lake?" Nikamjibu, "Pole, mama." Hilo tu. Najichukia. Sasa kila asubuhi anaenda kaburini kuomba msamaha wa kosa asilolijua.

Jumamosi ukoo unakaa kumtoa. Nikienda kueleza, watasema mama amenihonga, na kazi yangu itakuwa imekwisha. Nikinyamaza, atafungasha akiamini mumewe alimkana.

Jana alinipigia simu. Hakulalamika. Ameomba nimchomee ule mwanzo tu, pale mzee anapomwita jina lake, aondoke nao.

Ndugu zangu, niambieni la kufanya. Jumamosi si mbali.