Maji ya Kituluni Yalipopigiwa Kura

Shuleni kwetu Machakos tulifundishwa kujadiliana kila Ijumaa mchana. Mada ilikuwa ileile, ikiturudia kama malaria: mwalimu ni bora kuliko daktari. Mwamuzi alikuwa mwalimu, kwa hivyo daktari hakuwahi kushinda. Hakuna aliyeulizwa amejuaje anachokisema. Ukitaka alama, ulisimama wima, ukamwaga maneno marefu, kisha ukafunga kwa methali, hata kama haikuhusiana na lolote ulilosema. Mimi nilikuwa hodari sana wa methali.

Mwisho wa kidato cha pili tulichagua masomo, nami nilitaka fizikia. Niliitaka kweli, kwa kuwa ndilo somo pekee nililoona mtu anaweza kukataa jambo na bado akawa na adabu. Nafasi zilikuwa chache, na mgawaji alikuwa mwalimu wa fizikia mwenyewe, bwana nadhifu aliyetusomea noti zake za chuoni neno kwa neno. Akikohoa, tuliinua kalamu tukisubiri kuambiwa kama kikohozi nacho kiandikwe.

Muhula ule alitupeleka Kituluni kwa lori la shule. Pale kuna kipande cha barabara ambapo ukimwaga maji, macho yatakuapia kwamba yanapanda mlima. Wanakijiji walisema ni mizimu. Mwalimu, kwa kuwa alikuwa na digrii, alisema ni sumaku iliyo ndani ya mawe. Sumaku ya ajabu hiyo, inavuta maji na kuiacha misumari ya viatu vyake. Tuliandika "sumaku" na kuipigia mstari.

Lakini mimi nilikuwa nimebeba mpira wa maji. Baba alikuwa anajenga nyumba, na nilikuwa nimewaona mafundi wakitafuta usawa wa msingi kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Unaujaza maji, na yakitulia, ncha zote mbili huwa na kimo kimoja, ardhi ipende isipende. Nilimpa rafiki yangu wa bwenini ncha moja na mpini wa jembe wa kuisimamishia, nikamtuma kule ambako kila mtu alisema ni juu. Mimi nilibaki pale palipoitwa chini, na mpini wangu. Maji yalipotulia, kwake yalikuwa mbali na ardhi kuliko kwangu, kwa zaidi ya kiganja. Maana yake ardhi aliyokanyaga ilikuwa chini ya yangu. Maji yalikuwa yanateremka kama maji yoyote, na macho yetu ndiyo yaliyodanganywa na vilima vya kandokando. Rafiki yangu alipima tena kwa kiganja chake na kucheka kwa furaha.

Nilimwita mwalimu aje aone. Hakuja. Alipangusa viatu vyake, akasema sisi ni shule ya kidemokrasia, tuamue pamoja. Nchi ilikuwa imekwisha kuachana na kura ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, ila habari hizo hazikuwa zimemfikia. Wanaosema maji yanapanda wasimame nyuma yake. Wanaosema yanateremka, nyuma yangu.

Darasa zima lilimfuata kama kondoo. Rafiki yangu alisimama nyuma yangu, mpini mkononi, nikasikia pumzi zake. Mwalimu akamtazama, akamuuliza kwa upole yeye amechagua masomo gani. Alisema fizikia. Kisha nikasikia mpini ukiwekwa chini, taratibu.

Basi maji yakapanda, kwa wingi wa kura.

Mwalimu alinijia akiwa amekasirika, na akikasirika Kikamba kilimtoka bila ruhusa. "Wewe mwiitu, msichana wewe, uko na ubishi mingi," aliniambia. "Fizikia haitaki mtu wa ubishi. Utaenda sayansi kimu."

Nilikwenda. Niliumia, na sitajifanya kwamba uchungu huo umeisha. Huko sayansi kimu tulipima unga kwa mizani, na hata siku moja hatukuombwa kuupigia kura. Nilijifunza kuoka keki nzuri ambayo sikuitaka.

Miaka mingi baadaye nilikutana na rafiki yangu kwenye harusi huko Kangundo. Sasa ni mwalimu wa fizikia, na watu wanamsifu kwa matokeo ya wanafunzi wake. Tulikumbatiana, maana nilimpenda na bado nampenda. Aliniambia kila mwaka huwapeleka watoto Kituluni kuona maji yakipanda. Nilimuuliza kama huwaambia ni sumaku. Akasema ndivyo noti zinavyosema. Nikamuuliza kama nao huwapangisha foleni.

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Foleni ya nini?" akasema. "Mimi sijawahi pata mwenye anabisha."