Mizani ya Pumzi

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa asubuhi ya baridi, katika ukumbi wa shamba la chai nje ya mji wa Kericho. Matroni wa zahanati ya shamba alikuwa ameniajiri niwafundishe yoga wachumaji, kwa kuwa wengi walikuja kwake wakilalamikia maumivu ya mgongo. Nilisimama na majina ya kigeni ya mikao ya yoga niliyofunzwa Nairobi, nikahesabu pumzi kama sajini wa gwaride. Wanawake wakakaza mabega, wakingoja tu iishe.

Wiki iliyofuata ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Pasta wao alikuwa amewaonya kwamba maneno yale huenda ni maombi kwa miungu mingine. Meneja hakutaka mzozo, akasema hali ikiendelea hivyo mafunzo yatafungwa.

Matroni aliniita ofisini, akanimiminia chai. "Mimi nataka migongo ipone," akasema. "Kama ni maneno ndiyo yanawaogopesha, si utafute mengine?"

Tangu shuleni nilipenda mashairi. Mstari wa shairi hugawanyika mara mbili, ukwapi kwanza kisha utao, na kila kipande huwa na mizani nane, yaani silabi nane. Nyumbani nikajaribu kuvuta pumzi kwa ukwapi na kuitoa kwa utao. Ikakaa sawa kabisa. Basi nikatunga:

*Asubuhi ya baridi, majani yana umande,*
*Mabega shuka zaidi, hofu nayo isipande.*

Nikawafundisha wachache waliobaki, na mmoja wao, Mama Chebet, akawa anaisema mistari hiyo hata shambani, kikapu kikiwa mgongoni. Wenzake walipomuuliza, aliwaleta. Siku moja pasta mwenyewe akaja, akaketi mpaka mwisho. Aliuliza nani ametunga. Nikamwambia ni mimi. Akataka kujua tunamwinamia nani.

"Hakuna, Pasta. Tunanyoosha migongo tu."

"Basi nitamleta mke wangu," akasema. "Hata kijiko kikianguka hawezi kuokota."

Mafunzo hayakufungwa. Baadaye nilihamishiwa Litein, ambako akina mama walitunga mistari yao kwa lugha ya Kipsigis. Mizani yangu ya Kiswahili haikuifaa lugha yao, ila pumzi zao zilienda vizuri, nikajifunza kuwafuata wao.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Londiani. Huko alikuja Mama Njeri, mfanyabiashara wa viazi aliyefiwa na mume. Binti yake ndiye aliyemleta. Mama mwenyewe alikuwa ameacha kuongea na watu. Kila somo tulilimaliza kwa mlalo wa utulivu, yaani kulala chali bila kusogea, nami nilikuwa nikisema mstari mmoja. Siku moja nilisema ukwapi peke yake, nikawaambia atakayeweza amalizie:

"Sakafu imenibeba..."

Nilikuwa karibu kuumalizia mwenyewe niliposikia sauti nisiyoijua, yenye mikwaruzo, ikitoka nyuma.

"Na bado ninapumua," akasema Mama Njeri.

Binti yake alimshika mkono wakiwa wamelala hivyo hivyo. Hakuna aliyeinuka haraka siku hiyo.

Nimestaafu sasa, magoti yangu hayakunjiki kama zamani. Namshukuru matroni aliyenivumilia, na pasta aliyekuja kusikiliza kabla ya kuhukumu. Walimu vijana huniuliza ni shairi gani langu ninalolipenda zaidi. Huwaambia ni ule mstari wa Londiani, na kwamba nusu yake iliyo bora si yangu.