Mjamaika Aliyeogopa Kushangiliwa

Nianze na kabati, maana ndilo lililonikutanisha na Everald Pinnock. Kule Discovery Gardens, mtaa mmoja wa hapa Dubai, tulikuwa wasichana sita katika chumba kimoja, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mwanamume aliyekuwa akiimba ndani ya kabati. Si mzaha. Siku niliyokwenda kugonga mlango ili nimpe vidonge vyake, nilimkuta mzee wa Kijamaika wa miaka hamsini na tisa, rasta zimefika kiunoni, amebanana na makoti yake ya jukwaani, maikrofoni mkononi. Akanieleza kwa upole, kwa Kiingereza maana Kiswahili hajui, kwamba nguo zinameza mwangwi, kwa hiyo kabati ndiyo studio. Nilikwenda na ugomvi, nikatoka nimeshaimbishwa kiitikio cha wimbo wa mtu.

Mzee Everadi, kama tulivyozoea kumwita, aliingia kwenye muziki akiwa mdogo huko kwao Jamaika, akibeba spika za disko la mtaani kabla hajaruhusiwa kugusa maiki. Baba yake alikuwa shemasi, na kwa shemasi yule rege na dhambi vilikuwa kitu kimoja. Kijana akaimba hivyo hivyo. Akatoa albamu mbili, akazunguka Uingereza na Japani. Kisha, akiwa na miaka thelathini na minane, akaacha ghafla na kugeuka mtayarishaji. Aliowarekodi wakapata majina, yeye akabaki nyuma ya kioo. Dubai alikuja kama fundi mitambo wa bendi. Bendi ikarudi kwao, yeye akabaki.

Mimi ni mhudumu kwenye mgahawa wa hoteli moja Al Garhoud. Jumapili mchana watu wetu hujaa pale: walinzi wa Kiganda, dada wa kazi waliopewa mapumziko, vijana wa ujenzi. Mwimbaji wetu alipofunga virago, nilimwambia meneja, Madam Lamees, kwamba kuna mtu namjua. Everadi alikataa wiki tatu, ya nne akakubali. Na kusema kweli nilijuta. Sauti haikuwa na kasoro, sauti ile ungeweza kuipaka kwenye mkate. Tatizo ni kwamba kila watu walipochangamka, mzee alikunja uso, akauharakisha ubeti wa mwisho na kula kona. Saa nzima aliyopangiwa aliimaliza kwa dakika ishirini na tano. Wiki iliyofuata, yale yale.

Madam Lamees hana maneno mengi.

"Frida, mtu wako anaimba kama mwenye ndege ya kuwahi. Jumapili hii aimalize saa yake. La sivyo, khalas."

Na khalas ya Madam maana yake hakuna kazi, na bila kazi hakuna viza, na bila viza Everadi anapanda ndege na kabati linabaki tupu. Niliumia, halafu nikakasirika. Nikamfuata jikoni.

"Mzee, unanitia aibu! Watu wanakupenda, wewe unawakimbia?"

"Wananipenda?" Alinitazama kwa uchungu. "Sista Frida, wale wananitukana. Yule mlinzi mrefu ndiye kinara wao."

"Zedekiya? Anakutukana nini?"

"Rudie. Ananiita rudie, na wenzake wote wanaitikia."

Kwao, akanieleza, rudie ni mhuni wa mtaani, wa visu na vurugu. Baba yake shemasi alimfukuza nyumbani akimwita kwa neno hilo hilo.

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Mzee wangu, ni rudia! Rudia! Wanataka wimbo ule ule tena!"

Nilidhani tutacheka pamoja. Hakucheka. Alikaa juu ya gunia la vitunguu, akauliza taratibu, "Na Mombasa je?"

"Mombasa kuna nini?"

Miaka ishirini na moja iliyopita, akasema, aliimba uwanjani Mombasa. Wimbo wa tatu ulipoisha, uwanja mzima ulimlipukia kwa neno lile. Akashuka jukwaani, akaondoka na ndege ya kwanza, na tangu hapo hakuimba tena mbele ya watu mpaka nilipomleta hapa.

"Nilijiambia, ikiwa hata Afrika wameniona mhuni, basi baba alikuwa sahihi."

Hapo na mimi kicheko kikanikauka. Miaka yote hiyo mtu ameishi na jeraha la kusifiwa, na hakutokea hata mmoja wa kumtafsiria.

Jumapili ikafika. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, Zedekiya akasimama na urefu wake wote: "Rudia, mzee! Rudia!" Everadi akatabasamu, akarudia. Wakaomba tena, akarudia tena. Sasa mzee hakuwa na breki. Saa iliisha yuko kwenye wimbo wa pili, na huo wa pili ameshauimba mara tatu.

"Yalla, Frida, mwambie ashuke," Madam Lamees akaninong'oneza. "Hakuna anayeagiza chakula!"

"Madam, si ulitaka saa nzima?"

Akanikata jicho, kisha akavuta kiti akakaa.

Ndipo Everadi akauliza kwenye maiki kama yupo mtu wa Mombasa. Akainuka Kibibi, yaya wa familia moja ya Jumeirah. Mzee akamweleza yote, mimi nikitafsiri, akamwomba radhi.

"Mimi wakati huo mtoto, anko," Kibibi akasema. "Wa kuombwa radhi ni kakangu, yeye alikwenda uwanjani."

Hapo hapo akampigia video kwa Botim, programu ya simu tunayopigia nyumbani. Ikatokea sura ya mwanamume mwenye mvi, ikakodoa macho.

"Huyu siye yule Mjamaika alotukimbia? Mwambie tulimngoja mpaka taa za uwanja zikazimwa! Aimbe, atumalizie!"

Nilipotafsiri, Everadi alilia mbele ya watu wote wala hakujifuta. Kisha akaegemeza simu ya Kibibi kwenye chupa ya pilipili, akaziimba nyimbo zote ambazo Mombasa hawakuzisikia, na kule upande wa pili kakake Kibibi akawa anawaita majirani, mmoja mmoja, waje wasikilize.