Kola za Karatasi Ngumu

Mama yangu alikuwa anaweka mbegu ya karanga ndani ya chungu, juu ya moshi, kule kwetu Fizi. Siku moja nikazila zote. Nisidanganye, haikuwa njaa, ilikuwa utamu. Nikasema ni panya. Mama akaamini, na mwaka ule hatukupanda karanga. Hakuna mutu alinipiga. Na kama niliacha masomo, ilikuwa kwa sababu ingine, hiyo tuiache.

Bale panya balinirudilia uzeeni. Mi ni fundi wa nguo hapa Baraka, karibu na soko. Mugeni mumoja wa Burundi, aliyetoka kambi ya bakimbizi ya Lusenda, aliniomba kona apigie batu picha ndogo za karte, vile vitambulisho. Nikamupa. Koti yangu nyeusi ilikuwa kwa musumari: kila mwanaume anaivaa kwa picha, hata mwenye kaptula, maana picha inaishia kifuani. Bachimbaji ba zahabu ba Misisi ndio baliichakaza.

Halafu yule mugeni akaanza jambo. Mutu akivua koti, yeye anapiga picha ya koti yenyewe, pale kwa musumari. Nikamucheka: koti yangu nayo inatafuta karte ya kura?

"Muzee, angalia bega," akasema. "Aliyetoka sasa amechoka, na koti imebaki hivyo."

Nikaangalia. Kweli, kila mutu aliacha mabega yake. Basi nilijua thamani ya zile picha, sina kisingizio.

Mwaka muzima alizitoa zile picha za koti kwa karatasi kubwa, ngumu, akazipanga chini ya meza yangu. Ndani ya kamera alikuwa anazifuta, apate nafasi ya kazi ya bateja. Bwana mumoja wa Bukavu alipaswa kuja kuziona, azitundike kwa maonyesho. Mugeni alikuwa hata halali vizuri.

Bamama ba kwaya bakaniletea kushona blauzi za Pasaka, na karatasi ya kukatia mufano wa kola ikaniishia. Nikavuta picha moja. Ilikatika vizuri sana. Nikavuta zingine, mpaka zikaisha.

Alipouliza, nikasema, "Panya, mutoto yangu."

Akaokota kola moja ya karatasi kwa meza, akaigeuza. Nyuma kulikuwa kifungo cha koti na kichwa cha musumari.

"Muzee," akasema polepole, "panya bako banashika mukasi vizuri."

Muteja mumoja alikuwa amekaa kwa kiti, koti tayari mwilini. Mugeni akamunyooshea koti kwa bega, akachukua kamera, akatoka. Nikamwambia muteja angoje, anarudi. Alingoja mpaka soko likafunga. Mi pia.

Hakurudi.