Dawa Nilizozipeleka Mbele ya Kanisa

Hakuna aliyeninyang'anya dawa zangu. Nilisimama mwenyewe, nikapita katikati ya safu za viti, nikaziweka kwenye meza ya mbele kwa mkono wangu huu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii, na huwa siisimulii kwa upole, hapakosi mtu wa kuniuliza, "Kwani ulilazimishwa?" Sikulazimishwa. Nilipigiwa makofi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Nyaramba. Mume wangu hununua ndizi mashambani na kuziuza sokoni Daraja Mbili. Tuna watoto wawili na kipande cha chai nyuma ya nyumba. Mwaka ugonjwa ulipoanza hatukuwa na msiba, hatukuwa na ugomvi, hakuna aliyefukuzwa kazi. Watu walitaka sana kuwe na kitu kama hicho. Hakikuwepo.

Ulianza darasani. Nilikuwa nikiandika ubaoni, moyo ukaanza kwenda mbio kana kwamba nimepanda kilima na mzigo kichwani. Vidole vikafa ganzi. Nikajua kwamba nakufa. Niliwaambia watoto wanakili, nikatoka nje, nikakaa nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ikalia. Wiki hiyo hali ile ilinirudia mara tatu. Halafu ikaja nyingine, isiyo na mbio wala kelele: uzito. Kuoga kukawa kazi ya siku nzima. Chinsaga, mboga niliyoipenda tangu utotoni na uchungu wake wote, nikawa naitafuna kama karatasi. Nikawa nawatazama wanangu wakicheza uani nikiwaza kwamba wangepata mama mwingine wangekuwa salama zaidi.

Kamusi inauita sonona. Nalijua neno hilo kwa sababu ya kazi yangu, lakini ningemwambia nani? Mwalimu mwenzangu aliniambia, "Una mume, una mshahara, watoto wazima. Unakosa nini?" Jirani alitaka kujua ni nani aliyenionea wivu. Mzee wa kanisa letu, kanisa la ukoo wa mume wangu nililolifuata nilipoolewa, alikuja nyumbani, akakunywa chai, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, hakuna dhambi ambayo hujaiungama?" Nilikaa wiki nzima nikiitafuta hiyo dhambi kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono wa nguo.

Mume wangu hakuuliza kitu. Siku moja alirudi kutoka Daraja Mbili na chupa iliyojaa maji meusi. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba ni mizizi ya kuondoa mawazo, presha na maumivu ya mgongo.

"Kunywa kidogo tu," alisema akiwa amesimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi.

Nilikunywa. Niliharisha siku mbili. Sina hasira naye hata chembe. Hakujua nina ugonjwa gani, lakini alikwenda akatafuta, na chupa ilipotushinda ndiye aliyenipeleka hospitali mjini Kisii.

Daktari alikuwa kijana, shati limepigwa pasi vizuri. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza: nalala saa ngapi, nakula nini, ilianza lini, nimewahi kufikiria kujidhuru? Hapo nikalia. Hakunitajia sababu wala hakuniuliza nimekosewa na nani. Aliandika dawa, akaniambia kwamba zitachukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti, na nisiziache bila kumwona.

"Na maombi niache?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mwalimu, mimi mwenyewe naomba. Omba. Meza dawa. Tembea asubuhi jua linapotoka. Hivyo vitu havioneani wivu."

Nilifanya kama alivyosema. Mwezi wa tatu wa kumeza dawa nilijikuta nikiimba jikoni. Sikumbuki wimbo gani. Nakumbuka mtoto wangu mdogo alikuja akasimama kuniangalia.

Ndipo likaja juma la afya kanisani.

Mgeni aliyealikwa kutufundisha alikuwa mwanamke mtanashati, msemaji hodari, aliyekuja na picha za kuonyesha ukutani. Na mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa mwongo mtupu ningemtambua. Alisema tunywe maji, tukae juani, tupumzike, tule mboga zetu wenyewe tuache kukimbilia vyakula vya kukaangwa, tumtegemee Mungu. Nilitikisa kichwa kukubali siku tano mfululizo. Nikamwamini kidogo kidogo, jambo baada ya jambo, mpaka Sabato alasiri nilikuwa sina tena mahali pa kumkatalia.

Alasiri hiyo alisema, "Huzuni ni ukosefu wa shukrani. Hofu ni ukosefu wa imani. Nani hapa anameza vidonge vya kumsaidia Mungu?"

Watu wakacheka.

"Vileteni," akasema. "Viwekeni hapa mbele leo, muondoke huru."

Mzee wa kanisa akageuza shingo. Kati ya watu wote wale kanisani, akanitazama mimi. Nilikuwa nimemweleza habari za dawa yeye peke yake, nikidhani namweleza mchungaji wa roho yangu. Pakiti ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya Biblia. Nikasimama. Kila hatua niliyopiga iliitikiwa "Amina!" Mgeni akanikumbatia. Alikuwa ananukia sabuni nzuri. Nikarudi kuketi nikiwa na machozi ya furaha, na sitaki kusema uongo, kwa siku nne nilijisikia mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa.

Siku ya tano kichwa kilianza kupiga kama waya wa umeme ulioguswa. Nikitembea, dunia inayumba. Nilikunywa maji. Nilikamua ndimu. Nilikaa juani mpaka ngozi ikawaka. Nilimpigia simu yule mgeni, maana alituachia namba, akanijibu kwa upole mwingi, "Shetani hupigana sana anapoona anashindwa, mpendwa. Ongeza kufunga."

Mimi niliyeshindwa kula niliambiwa nifunge! Nikafunga.

Wiki ya tatu sikuweza tena kutoka kitandani. Shuleni walimtuma mtu kuniangalia. Kutoka kanisani hakuja hata mmoja wa wale walioitikia Amina. Mzee wa kanisa alituma ujumbe kwenye simu: "Tunakuombea." Mume wangu aliusoma kwa sauti, kisha akaiweka simu mezani polepole sana, na jioni hiyo akampigia mama yangu.

Mama anaishi upande wa Ogembo. Ni Mkatoliki wa zamani, mwenye rozari mfukoni mwa aproni, na umri wake umepita sabini. Alifika kesho yake kabla ya saa sita mchana, akaingia chumbani bila kubisha, akavuta pazia.

"Dawa ziko wapi?"

"Niliziacha kanisani, mama."

"Uliziacha kanisani zikafanye nini? Kanisa linaumwa?"

Alinipangusa uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akanilisha uji wa wimbi vijiko sita, akavihesabu kwa sauti kama nilipokuwa mdogo. Kisha akamwambia mume wangu, "Nipeleke kwa huyo mzee wenu."

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na mume wangu, naye si mtu wa kuongeza chumvi. Mama alikaribishwa sebuleni, akakataa kuketi.

"Nimekuja kuchukua dawa za mtoto wangu."

"Mama, karibu kwanza," mzee alisema. "Zile tulizichoma. Ilikuwa ishara ya imani."

Mama alikuwa anatazama juu ya kabati la vyombo. Kando ya miwani palikuwa na pakiti ya vidonge, imekwisha nusu.

"Na zile?"

"Zile ni zangu. Ni za presha."

"Za presha hazimkasirishi Mungu?"

"Mama, presha ni ugonjwa."

"Na mtoto wangu ana nini? Ana maigizo?"

Mzee alianza kueleza habari ya mwili na roho. Mama akamwacha aseme mpaka achoke. Kisha akamwambia, "Leta hizo zako tuzichome, nione imani yako nami nitoke hapa nimeokoka." Mzee hakuinuka. Mama akatoka bila kuaga, na kwa mtu wa malezi yake hilo si jambo dogo.

Daktari hakunigombeza. Aliandika upya, akaanza na kiasi kidogo, na nikaona tu misuli ya shavu lake ikicheza nilipomweleza habari ya kufunga. "Kuacha ghafla ndiko kulikokuangusha," alisema. "Tutaanza tena taratibu."

Mama alikaa nasi karibu muhula mzima. Kila asubuhi umande ukishapungua alinitoa nje kwa mkono, tukaenda kwenye chai. Mwanzoni nilikaa tu ukingoni na kikapu kitupu huku yeye akichuma.

"Chuma jani moja," aliniambia siku moja.

"Jani moja lina faida gani?"

"Nimekuambia lina faida? Nimekuambia chuma."

Nikachuma moja. Wiki iliyofuata nikajaza robo ya kikapu. Jua lilinipiga mgongoni, mikono ikawa na kazi, na nikirudi nyumbani nililala usingizi wa kweli. Kabla ya kuanza mstari mpya mama alikuwa akisimama na kusema kwa Kikisii, maneno yale yale kila siku, kwamba Nyasae, yaani Mungu, huyu ni wako, tumeamka. Basi. Hakumfokea Mungu, hakumwekea siku ya mwisho, wala hakunigeukia kuniuliza kama najisikia nimepona.

Kwa hiyo asije mtu akasema nadharau maombi, jua na mboga. Nimeishi kwa hivyo vitu. Ninachokasirikia ni mtu kuvichukua vitu vyema alivyotupa Mungu bure, akavigeuza fimbo ya kumchapia mgonjwa.

Mwisho wa mwaka nilikuwa nimerudi darasani na kanisani. Mzee akanisubiri mlangoni baada ya ibada, uso umejaa tabasamu.

"Dada, Bwana amekutendea makuu. Sabato ijayo ni ya shuhuda. Utatuambia jinsi juma la afya lilivyokuponya."

"Halikuniponya."

"Lakini sasa si umepona?"

"Naendelea vizuri. Nameza dawa."

Akatazama kulia na kushoto. "Hiyo sehemu ya dawa si lazima uitaje. Watu wanahitaji kutiwa moyo."

Nilihisi damu ikinipanda mpaka masikioni. Walikuwa wamezichoma dawa zangu, wakaniacha nioze kitandani, na sasa walitaka niwape kupona kwangu nako wakaseme ni kwao.

"Nitasema," nikamwambia.

Sabato ile nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nilimshukuru Mungu. Nilimshukuru mume wangu na mama yangu. Kisha nikasema, "Dawa nilizoziweka kwenye meza hii zilikuwa zinanisaidia. Nilipoziacha nilikaribia kufa. Sasa nazimeza tena, na kama kuna mwingine humu..."

Mzee alikuwa amemkonyeza kiongozi wa kwaya. Kwaya ikasimama ikaanza kuimba. Sijawahi kusikia wimbo wa sifa ukiimbwa kwa nguvu vile. Kanisa lote likadakia, watu wakasimama, na sauti yangu ikazama. Sikuketi. Niliendelea kusema mpaka nikamaliza, neno kwa neno, nikiwaambia warudi kwa daktari, waombe, watembee, wasimwache mtu. Labda safu mbili za mbele zilisikia. Nikaweka kipaza sauti mezani na kutoka nje, nikapiga ukuta wa choo kwa kiganja mpaka kikaniwasha.

Siku ya tatu yake mmoja wa waimbaji wa kwaya ile, mwanamke ninayemjua kwa kumwona tu, alinijia shuleni wakati wa mapumziko.

"Mwalimu, nisamehe kwa kuimba."

"Mliambiwa muimbe."

"Hata hivyo." Alikuwa anasokota ncha ya leso. "Mume wangu hajatoka chumbani tangu tupalilie mahindi. Tumefunga na kuomba kwa ajili yake siku saba, mara mbili. Huyo daktari wako anakaa wapi?"

Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, na wiki iliyofuata tukaenda Kisii watatu. Mlangoni kwa daktari yule bwana aligeuka akamwangalia mke wake, akaingia peke yake. Alikaa humo muda mrefu.

Sijahama kanisa. Watu hunishauri nihame, nami huwajibu kwamba Mungu si mali ya mzee yule. Huwa ananisalimia kwa ncha za vidole. Hajaniomba msamaha, na sijamsamehe. Nikisema nimemsamehe nitakuwa nashuhudia uongo, na uongo umeshuhudiwa wa kutosha pale ndani.

Mara ya mwisho nilipokwenda kliniki, daktari aliniuliza kama bado nina hasira. Nikamwambia ninayo, tena nyingi.

"Inakusumbua?"

"Hapana. Nilipokuwa kitandani sikuwa na nguvu hata ya kukasirika."

Akaandika kitu kwenye faili, akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu.